Nyumba Bila Ardhi: Mwongozo Kamili wa Kupata Makao ya Uhakika kwa Kaya na Kamati za Mitaa ya Malindi

Katika Maweni, Kisumu Ndogo, Muyeye na mitaa mingine ya Malindi ziko nyumba za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na baraza mbele, ambazo mwenyewe anamiliki mabati, milango, boriti na kuta, lakini hamiliki ardhi iliyo chini yake. Utaratibu huu wa nyumba bila ardhi ni wa zamani katika miji ya pwani. Mwenye kiwanja hupokea kodi ya kiwanja kila mwezi au kila mwaka, mara nyingi kwa maneno matupu bila mkataba wowote, na mwenye nyumba hujenga, huoza watoto na huzika wazee wake akiamini kwamba maadamu kodi inalipwa hapana atakayemgusa. Kiwanja kinapouzwa kwa mtu wa tatu ndipo hutambua kwamba alichokijenga kwa miaka 30 kinaweza kuangushwa asubuhi moja. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi barabarani nchini Kenya. Mtu wa nyumba bila ardhi hahesabiwi humo mpaka siku tingatinga lifike.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kaya kama hizo na kamati zao, na mpangilio wake ni wa makusudi: unaanza na ardhi, unafuata ushahidi, kisha madai, notisi na bajeti, na nyumba za serikali za bei nafuu zinakuja karibu na mwisho. Wengi wetu hufuata mpangilio wa kinyume. Hujisajili kwa simu ili wapate nyumba ya ghorofa, wakakaa kusubiri, na huku nyuma sveya wa mtu mwingine anapiga bikoni, yaani alama za mipaka, uani kwao. Kwa maoni yangu, nyumba ya bei nafuu kuliko zote mjini Malindi ni ile iliyokwisha kujengwa na mwenyewe, na kazi ya kwanza ya sera yoyote ya makazi ni kuhakikisha haibomolewi.

Jua ardhi ni ya nani, kwa karatasi

Bila ya historia kidogo mtu hawezi kuelewa kwa nini bwenyenye ambaye hajawahi kuonekana Malindi ana hati ya ardhi iliyolimwa na babu wa mkaazi wa leo. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza walianza kuusimamia mwaka 1895. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wote wenye madai ndani ya ukanda huo wajitokeze na kuyathibitisha. Aliyethibitisha alipewa hati, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi, pamoja na Waswahili wasiokuwa na njia ya kufuata ofisi, hawakudai chochote, ama kwa kutojua, ama kwa kuona ajabu kwamba mtu aombe karatasi ya shamba ambalo kila jirani anajua ni lake. Hati zilizotolewa wakati ule zimeuzwa, zimerithiwa na kugawanywa mara nyingi, na ndizo zinazowekwa mbele ya mahakama hadi leo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kamati ni nambari ya kiwanja. Viwanja vingi vya Malindi hutambuliwa kwa neno Portion na nambari yake, na hati zake za zamani hubeba nambari ya CR, maana yake ni kwamba kumbukumbu zake zilisajiliwa katika masjala ya Mombasa. Viwanja vya miradi ya makazi ya serikali, ambavyo nambari zake huanza na jina la Kilifi na la mradi wenyewe, hutafutwa katika masjala ya Kilifi. Nambari yenyewe hupatikana katika ofisi ya kaunti inayokusanya ushuru wa ardhi, katika ramani za upimaji, katika risiti za zamani za kodi ya kiwanja, au kwa jirani aliyewahi kununua kipande cha ardhi hiyo hiyo. Ukiisha kuipata, omba upekuzi rasmi, yaani jibu la masjala la nani amesajiliwa juu ya kiwanja hicho, na uombe wewe mwenyewe au kwa mkono wa wakili. Usimtume dalali, kwa sababu dalali akishajua kwamba mtaa umeamka, habari hiyo ina bei kwa mwenye ardhi.

Jibu la upekuzi lisomwe kwa makini katika mambo matatu. La kwanza ni jina la mmiliki, ambalo mara nyingi huwa la marehemu au la kampuni. La pili ni vizuizi vilivyosajiliwa, kama vile rehani ya benki, kwa kuwa ardhi iliyowekwa rehani inaweza kupigwa mnada bila mwenyewe kutaka. La tatu, ambalo watu hulipita, ni kama ardhi ni ya umiliki wa daima au imekodishwa na serikali kwa muda maalumu. Ikiwa ni ya kukodishwa, hesabu miaka iliyobaki, kwa sababu muda unapokaribia kwisha mmiliki atalazimika kuomba upya, na huo ndio wakati wa kamati kupeleka barua kwa kaunti na kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kueleza nani hasa anaishi juu ya ardhi hiyo.

Kusanya ushahidi kabla hujauhitaji

Anzeni na hesabu ya mtaa mzima. Kila mlango upewe nambari kwa rangi, na kila kaya iandikwe: majina na vitambulisho, mwaka wa kuingia, aliyewaruhusu kuingia kama yupo, kama wanalipa kodi ya kiwanja au walikwisha kuacha, wanamlipa nani, na mara ya mwisho walipolipa ilikuwa lini. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa kisheria, kama itakavyoonekana hapa chini. Muungano wa Wanavijiji, ambao ni shirikisho la wakaazi wa mitaa duni lililoanza mwaka 1996, umefanya hesabu za namna hii katika miji mingi ya Kenya, na kamati inayoanza haina haja ya kubuni fomu zake yenyewe wakati wenzake wamekwisha kukosea na kusahihisha.

Wapangaji waandikwe pia. Hapa nasisitiza kwa sababu nimeona kamati zikiwaacha kwa makusudi, zikidai kwamba mwenye chumba cha kukodi si mwenyeji. Katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mwenyewe hukaa viwili na kukodisha vinne, kwa hiyo mtaa wa nyumba mia moja waweza kuwa na kaya mia tano, na nne kati ya kila tano ni wapangaji. Mtaa unapopimwa na kupewa hati, kodi hupanda, na hao ndio wa kwanza kukosa pa kulala. Mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi analindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi: mwenye nyumba hawezi kumtoa au kumpandishia kodi kiholela, na malalamiko hupelekwa kwenye Baraza la Kodi. Kiwango hicho kimeachwa nyuma sana na bei za leo, lakini vyumba vya udongo na makuti vinavyoangukia chini yake bado vipo, na wenye kuvikaa mara nyingi hawajui kwamba sheria hiyo ipo.

Baada ya hesabu hufuata vielelezo. Risiti za kodi ya kiwanja, bili za maji na za umeme, kadi za kliniki za watoto, vyeti vya shule vinavyotaja mtaa, barua za chifu na picha za harusi ambazo nyuma yake inaonekana nyumba ni ushahidi. Makaburi ni ushahidi, pamoja na msikiti au kanisa na mwaka wa kujengwa kwake. Miti ni shahidi asiyehongeka: mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na mwembe au mkwaju uliojaa uwanja mzima haukupandwa juzi. Siku hizi zipo pia picha za setilaiti za miaka iliyopita ambazo mtu yeyote anaweza kuzitazama kwenye kompyuta, na picha ya mwaka 2005 inayoonyesha paa lako ina nguvu kuliko maneno ya mashahidi kumi. Nakala za vielelezo vyote zihifadhiwe mahali pawili, na zisiwe zote ndani ya nyumba ambazo huenda zikabomolewa.

Tahadhari kuhusu fedha: kamati moja niliyoifahamu ilichanga shilingi 500 kwa kila nyumba kwa ajili ya mpimaji, ikamlipa zote kabla ya kazi, na mpimaji hakurudi. Fedha za mtaa ziwekwe katika akaunti yenye watia saini watatu, na malipo yafuate kazi.

Ikiwa ardhi ni ya mtu binafsi

Sheria ya Ukomo wa Madai, katika kifungu cha 7, humnyima mwenye ardhi haki ya kudai ardhi yake baada ya miaka 12 tangu haki hiyo ilipoanza, na kifungu cha 38 humruhusu aliyekaa muda huo kuiomba mahakama imsajili yeye kuwa mmiliki. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ikiwa Malindi ilisikiliza hoja kwamba utaratibu huu unakiuka haki ya mali iliyomo katika Katiba ya 2010, na ikaikataa. Kwa hiyo njia hii ingali wazi, nayo hufuatwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyopo Malindi. Ombi huambatanishwa na nakala iliyothibitishwa ya hati ya mmiliki, na hii ndiyo sababu ya kuanza na upekuzi.

Masharti yake ni magumu kuliko yanavyosimuliwa barazani. Ukaaji uwe wa wazi, usiokatika, usiotokana na nguvu na, zaidi ya yote, usio na ruhusa ya mwenye ardhi. Hapo ndipo watu wa nyumba bila ardhi wanapojikwaa. Mtu anayelipa kodi ya kiwanja anakaa kwa ruhusa, na hata akikaa miaka 60 saa haijaanza kuhesabu. Ikiwa hakuna mkataba wa maandishi na malipo yalikoma, miaka 12 huhesabiwa kuanzia mara ya mwisho kodi ilipopokelewa. Kwa sababu hiyo tarehe ya risiti ya mwisho, ambayo watu huitupa kwa kuona kwamba imekwisha kazi, ndiyo huamua kesi nzima.

Yako mambo mengine mawili ambayo ni lazima yajulikane kabla ya kuandika barua yoyote. Kuuzwa kwa ardhi hakukatishi hesabu ya miaka: haki inayoendelea kupatikana kwa njia ya ukomo ni miongoni mwa haki ambazo Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inasema zinaifunga ardhi hata kama hazikuandikwa katika daftari, kwa hiyo mnunuzi mpya ananunua pamoja na mgogoro. Lakini kukiri kwa maandishi kwamba ardhi ni ya fulani kunaweza kuirudisha hesabu kwenye sifuri. Kamati nyingi hukimbilia kumwandikia mwenye ardhi barua ya adabu kumwomba awauzie, na barua hiyo hiyo huletwa mahakamani kuwapinga. Onaneni na wakili kwanza. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au kwa Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa.

Ikiwa masharti hayatimii, na kwa wengi wanaolipa kodi hayatimii, njia iliyobaki ni kununua kwa pamoja. Mapatano ya ardhi hayana nguvu mpaka yaandikwe, yatiwe saini na pande zote na kushuhudiwa. Fedha zipitie kwa wakili, na ikiwa mwenye ardhi ana mke au mume, ridhaa ya huyo mwenza itafutwe mapema. Katika hesabu ya bei msisahau ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ndani ya manispaa na asilimia 2 nje yake. Kiwanja cha shilingi 400,000 kinadai 16,000 zaidi, na nimeona mapatano yakikwama kwa pengo dogo kama hilo.

Serikali nayo huweza kununua ardhi kutoka kwa mmiliki na kuwagawia wakaazi. Hilo lilifanyika Likoni, Mombasa, ambapo hati za shamba la ekari 930 zilianza kutolewa Januari 2016. Wakaazi waliofurahia hati waligundua kwamba kila mmoja alitarajiwa kurudisha shilingi 182,000. Mtaa unaoomba kununuliwa ardhi uulize mapema, na uandikiwe jibu, ni nani atakayelipa na kwa miaka mingapi.

Ikiwa ardhi ni ya umma

Hesabu ya miaka 12 haifanyi kazi dhidi ya ardhi ya umma. Sheria ile ile ya Ukomo wa Madai inaikataza waziwazi. Njia yake ni urasimishaji, yaani mtaa kutambuliwa na serikali, kupimwa na kupewa hati. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 134, inaruhusu miradi ya makazi kwa ajili ya maskwota na waliohamishwa. Katika miji upo Mradi wa Uboreshaji wa Mitaa Duni, unaojulikana kwa kifupi KISIP, ambao ulianza mwaka 2011 kwa fedha za Benki ya Dunia na kuiweka Malindi miongoni mwa miji 15 ya awamu ya kwanza. Awamu ya pili iliidhinishwa mwaka 2020. Mradi hupima, huweka barabara, mifereji na taa, na mwisho wake ni hati. Mtaa wenye hesabu iliyokamilika na kamati isiyogombana huwa rahisi kuchaguliwa kuliko mtaa wenye shida kubwa zaidi lakini usio na karatasi. Kwa kweli hilo si haki, ila ndivyo kazi inavyokwenda.

Pia kuna ardhi ambayo haitarasimishwa kwa njia hizi: akiba ya barabara, njia ya nyaya kubwa za umeme na kingo za Mto Sabaki zinazofurika. Kwa waliopo hapo, dai la busara ni kuhamishiwa mahali pengine, na lifanywe kabla ya mafuriko au tingatinga. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, katika shauri la wakaazi wa kijiji cha Mitu-Bell kilichobomolewa Novemba 2011 karibu na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, iliamua kwamba watu waliokaa muda mrefu katika ardhi ya umma, wakajenga na kulea familia humo, wana haki ya makazi inayostahili kulindwa hata kama hawana hati. Ukiiandikia ofisi yoyote, taja uamuzi huo pamoja na Ibara ya 43 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya makazi yanayofaa.

Notisi ikifika

Iandikwe siku na saa ilipofika, ilibandikwa wapi na ililetwa na nani. Kisha isomwe kwa kulinganishwa na vifungu vya 152A hadi 152I vya Sheria ya Ardhi, vilivyoongezwa mwaka 2016. Kwa ardhi ya mtu binafsi, mmiliki anatakiwa kutoa notisi ya angalau miezi mitatu, kwa maandishi na katika lugha ya taifa na lugha rasmi. Ikiwa kundi ni kubwa, notisi itangazwe katika magazeti yasiyopungua mawili ya nchi nzima na kubandikwa sehemu zisizopungua tano ndani ya ardhi husika. Nakala ipelekwe kwa Naibu Kamishna wa Kaunti na kwa kamanda wa polisi wa eneo hilo. Ardhi ya umma nayo ina notisi ya miezi mitatu.

Hatua inayofuata isingoje mwezi wa tatu. Kifungu cha 152F kinampa aliyepokea notisi haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu, na mahakama yaweza kuthibitisha notisi, kuifuta, kuibadilisha, kuongeza muda au kuamuru fidia. Ombi liambatane na hati ya kiapo, hesabu ya mtaa na vielelezo. Kamati iliyofuata hatua za mwanzo itayakusanya kwa siku mbili, na ambayo haikufuata itatumia wiki sita.

Ikiwa yote yameshindikana na siku ya kuhamishwa imefika, kifungu cha 152G bado kinawalinda walio uwanjani. Wanaobomoa wajitambulishe na waonyeshe idhini yao rasmi. Ikiwa kundi la watu linahamishwa, maofisa wa serikali wawepo. Wazee, wanawake, watoto na wenye ulemavu wawekewe hatua maalumu. Na wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali. Kipengele hiki cha mwisho kina thamani ya fedha taslimu. Mabati, boriti, fremu za madirisha na mlango wa mninga vikishushwa kwa mkono vinaweza kujenga upya, na vikishushwa kwa tingatinga ni kuni na vyuma chakavu. Wapangeni vijana mapema, nyumba kwa nyumba, na muwe na mahali palipokwisha kupatikana pa kuhifadhia. Mtu mmoja apige picha mfululizo, asishike kazi nyingine.

Ingia katika bajeti ya kaunti kwa wakati wake

Katiba iliacha sera ya makazi kwa Serikali ya Kitaifa, lakini ikaweka makazi, upimaji na ramani katika majukumu ya kaunti. Kwa hiyo Kaunti ya Kilifi ikiulizwa haiwezi kujibu kwamba hilo ni la Nairobi. Tatizo la kamati nyingi ni kwamba huuliza Juni, wakati kila kitu kimekwisha kuandikwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Ombi la kupimiwa mtaa lipelekwe Julai au Agosti ili liingie katika mpango, lifuatwe Februari, na Mei kamati ihudhurie vikao vya wananchi ikiwa na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Ombi liwe dogo na la kuhesabika. Kwa mfano, andikeni kwamba mnaomba mpimaji wa kaunti aweke mipaka ya nje ya mtaa na njia mbili za gari la wagonjwa na la zimamoto. Mambo hayo mawili yana gharama inayojulikana, yanaweza kukaguliwa mwaka unapokwisha, na njia ya gari ikishachorwa katika ramani, mtaa umekwisha kutambuliwa nusu.

Nyumba za serikali za bei nafuu

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini tarehe 19 Machi 2024, baada ya mahakama kuuangusha ushuru wa mwanzo uliowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho, kwa hiyo mhudumu wa hoteli anayepata shilingi 20,000 hukatwa 300 kila mwezi, awe anataka nyumba hizo au la. Sheria inagawa wanufaika kwa kipato: wasiofikia shilingi 20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za kijamii, wa kati ya 20,000 na 149,000 ni wa nyumba za bei nafuu, na waliozidi hapo wana kundi lao. Kujisajili hufanyika katika mfumo wa Boma Yangu, kwa kitambulisho, nambari ya ushuru ya KRA na simu, na hapo hapo mtu huweza kuweka akiba kidogo kidogo kuelekea amana. Amana iliyowekwa katika sheria ni asilimia 10 ya bei au kiwango kingine ambacho Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu itakiamua, hivyo kwa asilimia 10 nyumba ya shilingi milioni moja inahitaji 100,000 kabla ya kupewa ufunguo.

Kwa nani inafaa? Kwa mpangaji mwenye mshahara wa mwezi, naona inafaa, naye ajisajili bila kuchelewa. Kwa mwenye nyumba ya vyumba sita nina shaka, kwa sababu nyumba yake ni mahali pa kulala na pia ni duka, ni jiko la kuchomea mahamri, na ni vyumba vinne vya kodi. Akihamia ghorofani anapata choo cha ndani na kupoteza kipato kinachomlisha, na sheria inamzuia kuiuza nyumba hiyo bila ridhaa ya Bodi kwa maandishi. Aweke hesabu hizo mbili kwenye karatasi moja kabla ya kukubali kuhamishwa kwa ahadi ya ghorofa.

Kipato cha Malindi nacho kina misimu, na mkopo hauna. Hoteli hujaa kuanzia Desemba hadi Machi, kisha mvua za masika na upepo wa kusi hufunga hoteli na kuzuia mashua ndogo kwa pamoja. Anayepanga kulipa kiasi sawa kila mwezi afanye hesabu kwa kipato cha Mei, asitumie cha Januari, na wakati wa kaskazi aweke akiba ya malipo ya miezi mitatu ya mbele.

Majina katika hati

Mtaa unapofikia kupimwa, kazi inayobaki ni kuamua jina gani litaandikwa, na hapa ndipo makao yaliyopiganiwa kwa miaka hupotea kwa siku moja. Ikiwa nyumba ni ya mume na mke, waandikwe wote wawili. Ikiwa mwenye nyumba alikwisha kufariki, mirathi ishughulikiwe kwanza, kwa Waislamu katika Mahakama ya Kadhi ya Malindi na kwa wengine katika mahakama za kawaida, kwa kuwa shemeji anayejiandikisha kwa niaba ya familia huwa mwenye nyumba halali, na mjane hurudi kwenye orodha ya wasio na makao.

Lipo pia swali la kama hati ziwe za mtu mmoja mmoja. Voi, katika mtaa wa Tanzania-Bondeni, wakaazi waliamua miaka ya 1990 kwamba ardhi ishikwe na dhamana ya jamii, yaani chombo kimoja kwa niaba ya wote, na kila kaya ipewe haki ya kukaa na kurithisha nyumba yake, bila ya uwezo wa kuiuza ardhi. Walikuwa wameona kwingine maskini wakipewa hati, wakauza kwa shida ya hospitali au karo, na kuanza kibanda kingine pembeni mwa mji. Ubaya wake ni kwamba benki haitoi mkopo kwa urahisi juu ya ardhi ya namna hiyo. Mtaa uliopo karibu na ufuo wa Malindi, ambako wanunuzi wanangoja nje ya mlango, una sababu ya kuifikiria njia hii kuliko mtaa wa Ganda au Kakuyuni. Uamuzi ufanyike kwa kikao cha wote, wapangaji wakiwemo, na uandikwe kabla mpimaji hajaweka bikoni ya kwanza, kwa sababu baada ya daftari kufungwa kila badiliko la jina lina ada yake, na mzozo wake utakwenda mahakamani.